Risala ya Mawe na Mikato

Wanazuoni wametofautiana kuhusu urefu wa safari ya miguu katika Korongo la Fish River, kusini mwa Namibia. Kauli iliyo mashuhuri ni kilomita 85. Wapo wanaosema 90, wapo wanaosema 80, na kila kundi lina hoja. Wa 90 walifuata kila pindi la mto bila kuruka hata moja, na humo wakajumlisha safari ya kurudi nyuma kutafuta kofia. Wa 80 walikata kona. Wa 85 waliisoma hesabu hiyo kwenye kijitabu kabla ya kuondoka nyumbani, na waliporudi hawakupenda tena mazungumzo ya hesabu. Ipo pia kauli ya nne, dhaifu kwa ushahidi lakini yenye wafuasi wengi, kwamba masafa ya korongoni hayapimwi kwa kilomita bali kwa "hapo tu". Kauli hiyo itashughulikiwa mahali pake.

Korongo lenyewe halina utata sana. Lina urefu wa kilomita 160 hivi, upana unaofika kilomita 27 pale lilipo pana zaidi, na kina cha takriban mita 550. Vitabu vya utalii hupenda kuliita la pili kwa ukubwa duniani baada ya Grand Canyon ya Marekani. Nafasi hiyo ya pili inadaiwa na makorongo mengi kiasi kwamba la tatu halijajitokeza mpaka leo, na Waethiopia, ambao korongo lao la Abbay lina kina zaidi, wangekuwa na la kusema wakiulizwa.

Kuhusu lilivyoumbika, wajuzi wa miamba wanasema ardhi ilipasuka ikadidimia kati ya nyufa ndefu, likapatikana bonde pana la juu. Kisha mto ukaingia humo na kuchimba bonde jembamba la chini, lile linalopinda kushoto na kulia. Miamba ya chini kabisa ina umri unaopita miaka bilioni moja. Wasan kwa upande wao husimulia kwamba nyoka mkubwa alikuwa akiwakimbia wawindaji, na mwili wake ndio uliolima korongo. Mwandishi ameupima ushahidi wa pande zote mbili. Wa wajuzi wa miamba unaeleza kina, wa nyoka unaeleza kona. Mtu aliyetembea humo tangu asubuhi hadi jioni, akageuka na kujikuta bado yuko chini ya genge lile lile, hana budi kukiri kwamba mchimbaji alikuwa anakimbizwa.

Namibia Wildlife Resorts, shirika la serikali linalosimamia safari hii, limetangulia kuainisha. Watembeaji huruhusiwa kuingia kati ya tarehe 1 Mei na 15 Septemba tu, kwa kuwa miezi ya kiangazi cha kule joto la korongoni hupita nyuzi 40, na mafuriko ya ghafla hayabishi hodi. Kundi lisipungue watu watatu. Wafasiri wameipenda sana tarakimu hiyo: mmoja aumie, mmoja abaki naye, mmoja akaite watu. Asiwepo aliye chini ya miaka 12, na kila mmoja awe na cheti cha daktari kisichozidi siku 40. Cheti ndicho uainishaji wa kwanza rasmi, nacho kinawagawa binadamu mafungu mawili, wanaofaa na wasiofaa. Ni mgawanyo wa haki, ila umefanyika mtu akiwa amekaa kitini. Moyo husikilizwa, presha hupimwa, mapafu huamriwa yavute na kutoa. Goti, kwa kawaida, huulizwa hali tu, nalo hujibu salama.

Hapo ndipo ofisi na risala hii zinapoachana. Ofisi inadhani sifa ya kufaa imo ndani ya mtu. Mwandishi anashikilia kwamba sifa zote za korongoni, za jiwe, za mzigo, za njia na za mtu mwenyewe, zimo ndani ya goti, na kwamba hubadilika kwa saa.

Mlango wa mawe

Kwanza ieleweke kwamba njia haipo. Mtembeaji huanzia ukingoni, upande wa Hobas, akashuka kwa kushika minyororo iliyofungwa mwambani pale mwanzo palipo wima, na akishafika chini hukabidhiwa mto, kingo zake mbili, na mawe. Hakuna njia iliyotengenezwa. Kila hatua ni uamuzi. Barabarani mtu hutembea huku akiwaza madeni yake. Hapa akiwaza deni moja tu, hata dogo, kifundo cha mguu kinateguka. Sehemu ya kwanza, kilomita 15 hivi hadi chemchemi ya Palm Springs, ndiyo darasa lenyewe, na wenye haraka hugundua kuwa kilomita 15 zinaweza kumaliza siku nzima na bado zikadai alfajiri ya kesho yake.

Jiwe thabiti ni lile usilolikumbuka. Umelikanyaga, limekubeba, umeliacha. Halisimuliwi wala halipigwi picha, na uchache wa maandiko juu yake hautokani na uchache wake.

Jiwe nafiki ndilo lililowashughulisha wanazuoni. Kwa sura ni bora kuliko thabiti: pana, bapa, kavu, limekaa sawa kabisa na urefu wa hatua. Ukilikanyaga linainama. Limegawanyika mafungu mawili. Nafiki mdogo huyumba mara moja kisha hutulia. Nafiki mkubwa huyumba, hutulia, husubiri mtu ahamishie uzito wote pamoja na shanta lake, halafu huyumba mara ya pili. Wote wawili hutambulika kwa mlio wao, ambao bahati mbaya husikika baada ya hukumu kutekelezwa.

Jiwe shahidi ni lenye mkwaruzo wa soli. Wapitaji wengi huukubali ushahidi wake bila kuuliza, wakalifuata la pili lenye mkwaruzo, na la tatu. Mwandishi anatahadharisha. Mkwaruzo unathibitisha kwamba mtu alipita hapo. Hausemi alipita kwa hali gani, wala kama alikuwa wima.

Kisha kuna jiwe la kivuli, ambalo si umbo bali ni saa. Genge lile lile lililokuwa jahanamu saa nne hutoa kivuli cha watu wawili saa saba, na watu ni watano. Adabu inataka mkubwa apishwe. Mjini hakuna anayependa kuitwa mzee, lakini korongoni, jua likiwa utosini, mtu wa miaka 40 huitikia bila kinyongo. "Mzee wangu, kaa hapa." "Ahsante mwanangu." Hakuna aliyeomba kuona kitambulisho. Mwandishi amesikia pia jibu la pili, "Wewe kaa, mimi nimeshapumzika," nalo ameliweka katika fungu la uongo unaosameheka, kwa sharti kwamba msemaji asiulizwe alipumzika wapi.

Yapo pia mawe ya majini, yaliyosuguliwa na mafuriko hadi yakang'aa kisha yakaota mwani juu yake. Haya hayahitaji maelezo. Aliyeyakanyaga anajua, na asiyeyakanyaga hatasadiki.

Uainishaji huu ulikamilika siku ya kwanza, ukapendeza, ukaandikwa kwenye daftari. Siku ya tatu ulianza kuvuja. Jiwe lenye sifa zote za uthabiti liliyumba; jiwe lililoyumba likachunguzwa likakutwa limezama nusu ardhini, halijasogea tangu enzi za nyoka. Kilichoyumba kilikuwa juu yake. Jiwe thabiti la Jumatatu ni nafiki la Alhamisi, bila ya lenyewe kufanya lolote. Ndipo mwandishi alipoanza kulitazama goti kwa macho mengine.

Mlango wa mchanga

Mchanga ni wa aina moja. Wanaodai upo mkavu na upo mbichi wametofautisha pasipo tofauti, kwa maana yote huishia ndani ya soksi.

Mlango wa mizigo

Mzigo hauainishwi kwa uzito wala kwa matumizi. Huainishwa kwa saa ambayo mbebaji ataanza kuuchukia. Ukingoni, kabla ya minyororo, kila kitu ni cha lazima. Hili limethibitishwa na kila kundi bila ya hitilafu.

Vitu vya fungu la kwanza havichukiwi kamwe: maji, kofia, plasta, tembe za kusafishia maji, mfuko wa kulalia. Mfuko wa kulalia hudharauliwa mchana wa jua kali, lakini usiku wa Juni na Julai baridi hushuka kuelekea kuganda, na aliyekuwa amewacheka wenzake kwa kubeba mfuko mnene huanza kusogea karibu yao akijifanya anataka hadithi. Vya fungu la pili huchukiwa saa ya pili: sufuria la ziada, kiti cha kukunja, kitabu kikubwa ambacho mtu alidhani atakisoma hatimaye kwa kuwa huko hakuna mtandao. Mtandao kweli haupo. Kitabu hakisomwi vilevile.

Fungu la tatu ni mizigo ya hoja. Hiki ni kitu kilichobebwa si kwa sababu kitatumika, bali kwa sababu mbebaji aliulizwa "Je, ikitokea...?" akakosa jibu. Kamba ya mita 20 imo humu. Mwavuli umo humu. Chapa za mizigo ya hoja ni mbili: haiguswi njia nzima, na mwenyewe akishauriwa aitoe hukasirika.

Chakula kina mlango mkubwa ambao risala hii haiwezi kuubeba wote. Wenyeji wa kusini mwa Afrika hubeba nyama kavu na biskuti ngumu za kuchovya, na wamefanikiwa kwa vizazi. Mtembeaji aliyetoka pwani yetu huingia na shaka. Sembe ni nzito lakini ndiyo inayoshibisha. Tambi za kuchemsha ni nyepesi lakini mtu akizila saa kumi na mbili, saa mbili anauliza tunakula nini. Dagaa ni wepesi, wana nguvu, hawaozi, na wana kasoro moja tu, kwamba nyani wa korongoni wana pua. Nyani hao hawakuainishwa humu kwa kuwa wao ndio waainishaji: hukaa gengeni, hutazama kambi, na huweza kutofautisha shanta la nguo na shanta la chakula upesi kuliko mwenye mashanta.

Baada ya hayo yote linabaki fungu lililo gumu kuliko mengine, mzigo wa heshima. Huu ni ule usioweza kuachwa kwa sababu ya aliyeutoa. Mfano wake ulio bora ni chupa ya achari ya embe. Mtembeaji yuko Tanga, anaaga, na mama mkubwa anatoka jikoni na chupa ya kioo iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni na raba mbili. "Chukua tu mwanangu, huko mtakula nini?" Mwanangu anasema, "Mama, nitatembea siku tano, kioo kizito." Mama mkubwa anajibu, "Basi si utakuwa umechoka, utataka kitu cha kukufungua kinywa." Hoja hii haijapata mtu wa kuijibu. Chupa inaingia shantani, inazungushiwa fulana, inapanda ndege hadi Windhoek, inasafiri kwa gari kilomita mia kadhaa kwenda kusini, inashuka minyororo. Kila mwanakundi anajua iko wapi, na kila usiku inaamuliwa kwamba leo hali haijafikia kiwango cha kuifungua. Kuibwaga nyuma ya jiwe kungekuwa uchafuzi wa hifadhi, na kwa nyumbani kungekuwa jambo zito zaidi.

Fasili ya "hapo tu"

Kipimo hiki kinajulikana Afrika Mashariki yote, kijijini na stendi ya mabasi, lakini ni korongoni kinapopata utafiti wake wa haki, maana mto unapinda mfululizo na hakuna mtu anayeweza kuona zaidi ya kona moja mbele. Wataalamu wamekigawa hivi. Ipo hapo tu ya kutia moyo, ambayo msemaji anajua kuwa ni mbali, na msikilizaji anajua kuwa msemaji anajua, na wote wawili wanaendelea kutembea. Ipo hapo tu ya ujinga, isemwayo na mtu anayeishika ramani kichwa chini miguu juu. Hii hutamkwa kwa sauti kubwa zaidi. Na ipo hapo tu ya kweli, ambayo hutokea mara moja tu katika safari nzima, wakati ambapo hakuna aliyebaki na imani ya kuipokea. Watu wamepiga kambi usiku kucha mita mia tatu kabla ya bwawa safi la maji kwa sababu aliyewaambia "hapo tu" siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Kwa uwiano, hapo tu moja ya asubuhi ni sawa na kona mbili. Ya saa tisa alasiri ni kona tano. Ya jioni haina kiwango, na wanaoongoza makundi wamekatazwa kuitumia baada ya magharibi.

Tanbihi kuhusu mitende

Palm Springs panatoka maji ya moto, nyuzi 57 hivi, yenye harufu ya salfa, na kando yake imesimama mitende. Mitende si miti ya asili ya mahali hapo, hivyo riwaya ikahitajika, na riwaya ikapatikana: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wawili walitoroka kambi ya mateka ya Aus wakajificha korongoni. Mmoja alikuwa na saratani ya ngozi, mwenzake pumu. Maji yakawaponya, na kokwa za tende walizokula zikaota.

Msomaji wa pwani ataleta pingamizi papo hapo. Kama kokwa ya tende ingekuwa inaota kwa kutemwa tu, Mombasa na Unguja zingegeuka msitu wa mitende kila baada ya Ramadhani. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau kwamba mitaa ya Mombasa haina chemchemi ya moto inayolowesha ardhi ya jangwa mwaka mzima, tena isiyofagiliwa. Kuhusu uponyaji, mwandishi ameona kwamba kila aliyetumbukiza miguu humo baada ya kilomita 15 za mawe hutoa ushahidi wa uponyaji, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na pumu.

Mlango wa ng'ambo na mikato

Mto huu, mrefu kuliko mito mingine ya ndani ya Namibia, huanzia milima ya Naukluft na kwenda kuungana na Orange kusini. Mvua zake hunyesha mbali, miezi ya mwanzo wa mwaka. Kundi la Mei linaweza kuukuta unatiririka. Kundi la Septemba hukuta mabwawa yaliyotengana, kambare wakiwa wamebanana ndani wakisubiri mwaka ujao. Tena sasa liko bwawa la Neckartal huko juu, kubwa kuliko yote nchini humo, nalo lina neno lake katika kiasi cha maji kinachoshuka. Kwa hiyo swali la "Tuvuke au tusivuke?" halina jibu la kudumu, na hapo ndipo yalipozaliwa makundi mawili yasiyopatana.

Kundi la Ndani hushikilia kwamba mtu atembee siku zote upande wa ndani wa kona. Dalili yao ni ya kisayansi: mto unapopinda, maji ya kasi hula ukingo wa nje na kuuacha genge na kina kirefu, kisha hutua mchanga na kokoto upande wa ndani, pakawa uwanja. Ni kweli tupu. Ila kona ikiisha, ndani huwa nje, na ndani mpya iko ng'ambo. Mfuasi wa kundi hili huvuka mto kila kona, na kila kuvuka ni kuvua viatu, kukunja suruali, kuvuka, kukausha vidole, kuvaa. Kundi la Ukingo Mmoja hushikilia kwamba ukishachagua upande baki nao, viatu vibaki vikavu, na litakalokuja lije. Linalokuja ni genge linaloingia majini. Wakikutana jioni kila upande huwa na ushahidi wa kutosha wa upotofu wa mwenzake, na ukitazama saa, wamefika pamoja.

Wapo wachache wasiovua viatu kabisa, wanaoingia mtoni kama walivyo. Mwandishi aliwahi kuwaona kuwa washenzi. Ilipofika siku ya nne aliwaweka miongoni mwa wanafalsafa.

Katika nusu ya pili ya safari inakuja mikato, na hapa ugomvi unakuwa mkubwa kwa kuwa unagusa heshima. Mahali ambapo mto unazunguka kilima kwa kilomita kadhaa, mtu anaweza kupanda juu ya shingo ya kilima na kushukia upande wa pili. Mkato ulio mashuhuri hupita Kooigoedhoogte. Huo ni mkato wa ramani, unatambuliwa na wote, na unapunguza masafa kweli. Hauelezi tu kwamba kilomita zilizookolewa chini zimelipwa kwa kupanda, na kwamba goti, lililozoea malipo ya rejareja, hapa linadaiwa kwa jumla.

Mkato wa pili ni wa farasi. Humo korongoni wamo farasi mwitu, na pamoja nao punda milia wa milimani, tandala na mbuzi mawe, na kila mmoja amechora vijia vyake. Kijia cha farasi ni amana kubwa: farasi ana uzito, hapendi kuteleza, na hana wa kumwonyesha ubingwa. Kijia cha mbuzi mawe kisifuatwe hata kwa majaribio. Huanza vizuri kuliko vyote, hupanda taratibu, huzunguka mwamba, kisha huendelea mahali ambapo wewe huendelei.

Wa tatu ni mkato wa kutunga. Huu huanza kwa maneno "Mimi naona tukipita hapa..." na mwenye kuyasema huwa hajawahi kufika Namibia kabla ya wiki hiyo. Hukumu yake ni kwamba mtungaji atangulie mbele peke yake, bila maji ya wengine.

Kati ya mikato hiyo, sehemu za mbele baada ya mwamba uitwao Four Finger Rock, kuna kaburi la Thilo von Trotha, luteni wa Kijerumani aliyeuawa mwaka 1905, Wanama walipokuwa wakiupiga vita ukoloni. Watembeaji husimama hapo, hupiga picha, hunywa maji. Jina lile la ukoo linatuhusu na sisi. Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa mwaka 1904 amri ya kuwaangamiza Waherero na mwaka uliofuata akawageukia Wanama, alikuwa kabla ya hapo kamanda wa jeshi la kikoloni la Wajerumani Afrika Mashariki, kuanzia 1894 hadi 1897. Na mwaka ule ule luteni alipozikwa korongoni, Wamatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Luteni ana kaburi lenye jina. Wanama wengi waliokufia kambi ya Shark Island, huko Lüderitz, hawajulikani walipozikwa. Mawe yaliyorundikwa pale kaburini kwa luteni hayaingii katika fungu lolote la mlango wa kwanza, na mwandishi hakutaka kuyatafutia.

Masuala yaliyobaki

Swali linaloulizwa zaidi Ai-Ais, mwisho wa safari, ni nani aliyemaliza. Huko kuna maji ya moto tena, safari hii yakiwa katika bwawa la kuogelea lenye ngazi, na ngazi zile zimefichua mengi: watu walioshuka genge kwa minyororo huziteremka kinyumenyume, mkono ukutani, wakisema ni tahadhari tu.

Aliyekata mikato yote ya ramani amemaliza, kwa kauli ya wengi, ila asiseme 85 mbele ya watu wa 90.

Aliyetokea kwenye njia ya dharura ya Palm Springs hajamaliza, lakini hachekwi. Anayemcheka apelekwe akaitazame ile njia kutoka chini, na shanta mgongoni.

Aliyebebewa shanta na mwenzake amemaliza yeye, na shanta limemaliza kivyake. Ni safari mbili zilizokutana barabarani.

Aliyekimbia ana suala la peke yake. Mwaka 2012 Ryan Sandes, mkimbiaji wa Afrika Kusini, aliipita njia nzima kwa saa 6 na dakika 57. Wanazuoni walipoisikia habari hii walinyamaza kidogo, kwa sababu inavunja milango mitatu kwa mpigo: hakuwa na mizigo ya kuichukia, hakuwa na muda wa kuambiwa "hapo tu", na mawe nafiki, ambayo husubiri mtu ahamishie uzito wote, hayakusubiriwa. Mwandishi aliiweka habari hiyo pembeni kwa muda akidhani inaipinga risala. Baadaye ameona inaiunga mkono. Mawe yalikuwa yale yale. Goti lilikuwa lingine.

Likabaki suala la chupa ya achari. Ilishuka minyororo, ilivuka mto pande zote mbili kwa amri ya Kundi la Ndani, ilipanda Kooigoedhoogte, ililala nje kwenye baridi, haikupasuka, haikulalamika, haikupitia njia ya dharura, na haikumwambia mtu yeyote "hapo tu". Ilifunguliwa Ai-Ais, mezani, ikaliwa na chipsi. Baadhi ya wanazuoni wanasema ndiyo pekee katika kundi zima iliyotimiza masharti yote. Wanaopinga wanatoa dalili moja tu, nayo ni nzito: haikuwa na cheti cha daktari.